Beetle na shida za petroli kwenye kabureta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Volkswagen Beetle ya injini ya 1600 yenye kabureta ya Solex 34 PICT-3, ile iliyoanza kufungwa kwenye modeli za 1971. Mwenye 1200, 1300 au 1500 atakuta mengi yanamhusu, ila namba za jeti, vile vijitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta, ni tofauti. Gari la namna hiyo ninalo mwenyewe, naliendesha Dar es Salaam na mara mbili tatu kwa mwaka nalipandisha nyanda za juu. Maswali ni yale ninayoulizwa kila nikiegesha na watu wakasogea.

Gari linamisi, na fundi amesema kabureta imekufa. Ninunue nyingine?

Usinunue bado. Kabureta ya Solex iliyotoka na gari ni chuma kizuri, na mara nyingi inasingiziwa. Platini zikichakaa, kondensa ikianza kufa (vyote ni vya mfumo wa cheche) au valvu zikikosa nafasi, gari litakohoa na kukosa nguvu vilevile kama lililokosa petroli. Hakikisha kwanza valvu zina nafasi ya milimita 0.15 injini ikiwa imepoa kabisa, platini zina milimita 0.4, na plagi zinapiga cheche ya bluu, si ya njano iliyofifia. Hayo yakikaa sawa ndipo uiangalie kabureta. Nimeona watu wakibadilisha kabureta mara mbili kwa ugonjwa uliokuwa kwenye kondensa ya bei ya soda.

Kingine: nakala mpya za bei rahisi zinazouzwa siku hizi mara nyingi hazifikii ile ya zamani iliyosafishwa vizuri. Ukilazimika kununua, ya zamani usiitupe.

Basi nianzie wapi?

Ifuate petroli kutoka tenki hadi kooni mwa kabureta, hatua kwa hatua, na usibadilishe kitu chochote kabla hujakiangalia. Mimi naanzia mwisho wa safari, kwa sababu hapo jibu linapatikana kwa dakika moja.

Zima injini. Toa chujio la hewa, shika tochi, chungulia kooni huku ukisukuma mkono wa eksileta kwa kidole. Kutoka kwenye kijibomba chembamba cha shaba utaona mchirizi wa petroli unaruka, mwembamba kama uzi na ulionyooka. Ukiuona, bakuli la kabureta, pale petroli inapokaa ikisubiri kutumika, lina mafuta, na pampu ya petroli imefanya kazi yake. Hapo ugonjwa utafute ndani ya kabureta au kwenye umeme. Usipouona, rudi nyuma.

Nimechungulia, hakuna kinachoruka.

Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta uuingize kwenye chupa. Chomoa pia waya unaopeleka umeme kwenye koili ili plagi zisipige cheche, kisha mtu apige stata. Petroli inatakiwa iruke kwa mapigo yenye nguvu. Ikiruka vizuri, njia imeziba kwenye sindano ya kabureta, ile valvu ndogo inayoruhusu petroli kuingia kwenye bakuli. Ikidondoka tu, au isitoke kabisa, kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni pampu. Mpira wake wa ndani ukitoboka, pampu haivuti, na ubaya zaidi ni kwamba petroli inaweza kushuka kwenye oili ya injini. Vuta kijiti cha oili, ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama, usiwashe gari mpaka umebadilisha pampu na oili. Injini hii inabeba lita 2.5 tu, hivyo petroli kidogo inatosha kuifanya oili iwe maji na kula beringi.

La pili ni fimbo inayosukuma pampu. Injini zenye dainamo zina fimbo ya milimita 108. Zenye alteneta zina pampu ya namna nyingine na fimbo ya milimita 100. Magari mengi yamebadilishwa dainamo kuwa alteneta, na vipande vimechanganywa njiani. Fimbo fupi kwenye pampu ya zamani haivuti vya kutosha. Fimbo ndefu kwenye pampu mpya inaisukuma kupita kiasi, na hapo ama inavunjika ama inaleta presha kubwa. Toa pampu, pima fimbo kwa rula. Ni kazi ya nati mbili.

La tatu ni tenki. Chini yake kuna wavu mdogo wa kuchuja, na tenki la miaka hamsini lina kutu. Dalili yake ni hii: gari linakwenda vizuri kilomita kumi, linakata, unasimama dakika tano, linawaka tena kama halikuwahi kuugua. Uchafu ulinyonywa ukaziba wavu. Uliposimama ukaachia, ukazama. Dalili hiyohiyo inaletwa na tenki lisilopumua. Likikata, fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa inaingia kwa pumzi ndefu na gari likawaka, umepata jibu.

Likienda ni zuri, ila nikisimama kwenye foleni linazima. Halina sailensa kabisa, yaani halitulii likinguruma bila kukanyagwa mafuta.

Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi ya yote, na jibu lake linapendeza kwa sababu mara nyingi ni bure. Kwenye ubavu wa kabureta kuna kidude cha duara chenye waya mmoja: ni valvu ya umeme inayofunga njia ya sailensa unapozima swichi. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya huo, uguse tena. Lazima usikie "tik". Kama husikii, angalia kwanza kama waya una umeme. Unatoka kwenye koili, kipande kilekile kinachopeleka umeme kwenye choki, na klipu zake hulegea. Waya ukiwa na umeme na kidude kiko kimya, kimekufa.

Kikilia "tik" na bado gari linazima, toa jeti ya sailensa uielekeze kwenye mwanga wa jua. Tundu lake kwa kawaida ni namba 55, maana yake milimita 0.55. Punje moja ya mchanga inatosha kuliziba. Ulione duara kamili la mwanga. Ukiona nusu duara, au mwezi mwandamo, hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Njia zote zikiwa safi, tafuta upepo unaoingia kwa mlango wa nyuma. Shika mkono wa eksileta pale spindo, fimbo inayobeba kipepeo cha chini, inapopita kwenye mwili wa kabureta, uitikise. Ikicheza, hewa inapita pembeni mwa spindo na hakuna skrubu itakayotibu hilo. Inatakiwa kutengenezewa bushi mpya kwa mtu mwenye mashine ya kukereza. Pia nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia kwenye mipira inayounganisha mifereji ya kuingizia hewa, injini ikiwa inanguruma. Mngurumo ukibadilika, mpira umepasuka. Wengine wanatumia petroli kwa kipimo hicho. Juu ya injini yenye joto? Tafadhali, usithubutu.

Jeti imeziba. Niizibue kwa waya?

Hapana, na hili naomba lisikike vizuri. Jeti kuu ya kabureta hii kwa kawaida ni namba 127.5, yaani tundu la milimita 1.275. Inayofuata kwa ukubwa ni 130. Tofauti yao ni milimita 0.025, nyembamba kuliko unywele wa mtu. Waya wa chuma ukipitishwa mara tatu kwenye shaba laini umeshabadilisha jeti, na kuanzia siku hiyo gari litakula mafuta bila wewe kujua sababu. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza kwa kompresa. Ikigoma kabisa, tumia unywele wa mswaki wa nailoni.

Jeti kuu haihitaji kuvua kabureta. Upande wa chini wa bakuli kuna boliti ya kuziba. Itoe, na jeti iko ndani mkabala nayo. Weka kitambaa chini, kwa sababu petroli yote ya bakuli itamwagika, na fanya hivyo injini ikiwa imepoa.

Kabureta inamwaga petroli, au gari linajaa mafuta mpaka plagi zinalowa.

Vua kofia ya juu ya kabureta, ina skrubu tano. Geuza kofia, sukuma sindano taratibu kwa kidole, puliza kwa mdomo kwenye bomba la kuingizia petroli. Hewa isipite hata kidogo. Ikipita, badilisha sindano pamoja na kiti chake, na angalia washa iliyo chini yake, kwa sababu unene wa washa ndio unaopanga kimo cha petroli kwenye bakuli. Kisha toa floti, boya linaloelea kwenye petroli ya bakuli, itikise sikioni. Ukisikia maji yakicheza ndani, imeingiza petroli na imekuwa nzito. Ukiwa na shaka, izamishe kwenye maji ya moto. Yenye tundu itatoa mapovu.

Sindano mpya, floti nzima, na bado inamwaga? Rudi kwenye presha ya pampu. Inatakiwa kuwa kama psi 3 hadi 4, haizidi sana. Pampu mpya za siku hizi nyingine zinapita hapo na kuisukuma sindano ifunguke. Dawa yake ya zamani ni kuongeza gasketi chini ya pampu, moja moja, huku unapima.

Gari likipata moto linazima. Likipoa linawaka.

Mwaka mmoja nilitoka Dar alfajiri kwenda Iringa. Ruaha Mbuyuni nilifika saa saba mchana, jua la utosi, nikasimama kununua vitunguu. Dakika kumi tu. Niliporudi gari likawaka, likaenda mita mia mbili, likakohoa, likanyamaza. Mbele yangu mlima wa Kitonga wote. Nikaanza kufungua kabureta kando ya barabara, mikono inatetemeka kwa hasira. Utingo wa lori lililokuwa limeegeshwa akaja, akatazama, akaniambia, "Mzee, hiyo usiifungue. Petroli imechemka. Funika pampu." Mama aliyeniuzia vitunguu akatoa kipande cha kanga chakavu, akakilowesha kwenye ndoo yake, akanipa. Tukakizungusha kwenye pampu na bomba lake. Baada ya robo saa nilipanda Kitonga yote bila kusimama.

Huo ni mvuke. Petroli ikichemka ndani ya bomba au pampu, pampu inasukuma mvuke badala ya mafuta, na mvuke haujazi bakuli. Ila kitambaa ni huduma ya kwanza tu. Nyumbani niligundua mpira unaozunguka injini, ule unaoziba nafasi kati ya mabati ya injini na bodi, ulikuwa umekatika karibu nusu. Mpira huo na mabati yale hayakuwekwa kwa urembo. Yanatenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto inayotoka chini. Yakikosekana, feni inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na kila kitu kinachemka. Mafundi wengi huyatupa mabati kwa sababu yanasumbua kufunga. Yarudishe. Tangu nirudishe yangu sijapata mvuke tena, hata mwezi wa pili.

Kabla hujahukumu kuwa ni mvuke, fanya kile kipimo cha kuchungulia kooni gari likiwa limezima na lina moto. Petroli ikiruka vizuri, si mvuke. Badilisha kondensa au koili; navyo hufa kwa joto na kufufuka vikipoa.

Moshi mweusi, na linakula mafuta vibaya.

Choki. Beetle hizi zina choki ya umeme inayojifungua yenyewe: spring iliyo ndani ya kile kikombe cha pembeni inapata moto na kufungua kipepeo cha juu. Asubuhi kipepeo kiwe kimelala, na dakika tatu nne baada ya kuwasha kiwe kimesimama wima. Kikibaki kimelala, ama waya wa choki umechomoka, ama kifaa cha ndani kimeungua. Ukipanga upya, legeza skrubu tatu, zungusha kikombe mpaka alama yake iwe katikati ya alama tatu za kwenye mwili. Kwa joto la pwani unaweza kuirudisha nyuma kidogo.

Sababu ya pili ni mwinuko. Gari lililopangwa vizuri Dar au Mombasa likifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, linakuta hewa nyepesi kwa kadiri ya asilimia kumi na tano au zaidi, lakini jeti inaendelea kutoa petroli ileile. Linakuwa na mafuta mengi kwa hewa kidogo. Kwa safari ya siku mbili vumilia. Ukihamia huko, shusha jeti kuu hadi 125 au 122.5, kisha soma rangi ya plagi: kahawia ya udongo ni nzuri, masizi meusi bado ni mengi, nyeupe ni hatari kwa sababu injini inaungua kwa kukosa mafuta.

Nikikanyaga mafuta ghafla linasita, kisha linaruka.

Ni ule mchirizi wa kooni. Ukiwa mfupi, unachelewa au unapinda, mpira wa pampu ndogo ya kabureta umekauka. Ni wa bei ndogo na una skrubu nne. Mchirizi ukiwa mzuri, chunguza distributa.

Naishi Njombe. Asubuhi ya baridi na ukungu linazima njiani kila mara, ingawa mvua hainyeshi.

Kabureta yako inaganda barafu. Watu wa pwani hawaamini hilo mpaka waone. Petroli inapogeuka mvuke inanyonya joto, na hewa yenye unyevu wa Njombe, Makambako au Limuru inaganda kooni hata kama nje hakuna barafu. Shuka uguse bomba lililo chini ya kabureta: limelowa, limekuwa baridi kama chupa iliyotoka frijini. Beetle ilitengenezewa dawa, bomba jembamba linalopitisha moshi wa ekzosi chini ya kabureta ili kulipasha joto. Tatizo ni masizi, yanaliziba. Washa gari, subiri dakika chache, gusa bomba hilo kwa tahadhari pande zote mbili. Lisipopata moto, limeziba. Kulizibua ni kazi ya jasho: watu hutoa mifereji yote na kupitisha waya mnene wa breki ya baiskeli unaozungushwa na drili.

Nitajuaje kama petroli niliyowekewa ina mafuta ya taa?

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka upesi bila kuacha kitu. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta linalokaa. Barabarani utasikia injini inagonga mlimani, na asubuhi itakuwa ngumu kuwaka. Uchakachuaji ulifanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba, alama ya kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Hata hivyo karatasi haigharimu kitu, jaribu.

Petroli iliyokaa miezi mingi nayo ni tatizo. Inanuka kama vanishi na inaacha gundi kwenye jeti. Gari lililolala muda mrefu lianze kwa kumwaga tenki, si kwa kupiga stata.

Kwa walio Uingereza: petroli ya kawaida ya huko tangu Septemba 2021 ina ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani inaoza nayo. Badilisha mipira yote kwa ile inayostahimili ethanoli.

Ni skrubu ipi ya kurekebisha sailensa?

Kubwa, ile ya ubavuni. Skrubu iliyo kwenye mkono wa eksileta, inayogusa gurudumu la choki, si ya sailensa. Ifikishe pale inapogusa gurudumu hilo tu, kisha iongeze robo mzunguko, basi. Wengi wanaikaza hiyo, na kuanzia hapo kabureta haitulii tena.

Injini ikiwa imepata moto na choki imesimama wima, funga skrubu ndogo iliyo karibu na ile kubwa, ya mchanganyiko wa petroli na hewa, taratibu mpaka mwisho, bila kukaza, kisha ifungue mizunguko miwili na nusu. Kwa kubwa, weka sailensa mizunguko 850 kwa dakika. Rudi kwenye ndogo, ifungue mpaka injini ifikie kasi yake ya juu, halafu ifunge mpaka ishuke kidogo. Maliza kwa kubwa. Valvu na platini zisipokuwa sawa, unapoteza muda.

Filta ya petroli niifunge wapi?

Isiwe juu ya injini. Nakuomba. Filta ya plastiki inayoning'inia kati ya pampu na kabureta inaongeza uzito na viungo viwili vinavyoweza kuvuja, sentimita chache kutoka kwenye distributa inayopiga cheche. Ifunge mbele chini ya tenki, au chini karibu na giaboksi.

Kisha fungua kifuniko cha injini, kule nyuma ya gari, sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, ushike lile bomba fupi la shaba linaloingiza petroli kwenye kabureta. Livute na kulizungusha. Limesukumizwa tu kwenye chuma, halina nyuzi, na kwa miaka ya mtikisiko hulegea mpaka likachomoka gari likiwa mwendoni, pampu ikaendelea kumwagia injini petroli. Beetle nyingi zimeungua hivyo. Likicheza hata kidogo, lipeleke likatwe nyuzi na lifungwe kwa skrubu. Mipira ya petroli, ya kipenyo cha ndani cha milimita 5, badilisha kila mwaka mmoja au miwili na kila ncha ifungwe klipu. Na beba kizimamoto cha poda, si maji, kwa sababu bloku ya injini hii ni ya magnesiamu, na magnesiamu inayowaka ikimwagiwa maji inazidi.

Nibebe nini safarini?

Kondensa na platini, mpira wa petroli mita moja na klipu nne, pampu ya akiba yenye fimbo yake sahihi, jeti ya sailensa, bisibisi ndefu, spana ya 13 na ya 14, tochi, kizimamoto, lita tano za maji ya kunywa, na kipande cha kanga.